Suruali za Kaka Yako

Nyumbani kwetu,
Ghorofa ya tatu, mlango wa kijani,
Jumapili jioni.

Mpendwa wifi yangu,

Hujambo huko uliko? Shemeji na watoto hawajambo? Na kile kikohozi kimekuachia? Mara ya mwisho ulipopiga simu sauti ilikuwa nzito mpaka mama akadhani anaongea na mumeo, akaanza kukuita baba. Sisi huku hatujambo, isipokuwa mapaja yangu, ambayo tangu asubuhi yanalalamika kila nikiinama kuvaa viatu. Usishtuke. Ni maumivu ya heri, utaiona sababu yake humu humu.

Niwie radhi kwa kuchelewa kukujibu. Barua yako niliipokea, nikaisoma, nikaikunja, nikaisoma tena. Uliandika kwa upole lakini nilikuelewa. Ulisema kama mama anashinda ndani wiki nenda wiki rudi, haoni jua wala watu, basi ukija likizo ya mwisho wa mwaka utaondoka naye, maana kwako hakuna ngazi na ua upo. Sikukasirika, wifi. Ni mama yako kabla hajawa wangu. Lakini moyo ulinishtuka, sitakuficha. Mama akiondoka hapa, nani atanisaidia kumsema kaka yako? Ndiyo maana sikutaka kukujibu kwa maneno matupu. Nimengoja mpaka leo, na leo nina la kukwambia.

Unakumbuka Jumapili zetu zilivyokuwa. Jumamosi mimi si mtu, ndiyo siku wasichana wote wanakumbuka kwamba wana vichwa, nasuka saluni mpaka vidole vinakufa ganzi. Jumapili ndiyo yetu. Kaka yako alikuwa akimbeba mama mgongoni, ngazi zote, mpaka kwenye benchi la uani karibu na makopo yake ya maua. Mama anang'oa majani makavu, anapokea salamu za wapangaji, anawasema wasiomwagilia. Kaka yako naye anaketi pale pale na Bingwa, yule fundi saa ambaye duka lake limepakana na la kaka yako la ushonaji, wanacheza drafti mpaka jua linazama. Hayo ndiyo yalikuwa mazoezi yake. Ukimuuliza anakwambia anafanya, ya akili.

Basi Jumapili zile zikaanza kuota mbawa. Mara kuna kazi ya haraka, mara mgongo umeingiwa na baridi, mara kuna mawingu. Maua ya mama nikawa namwagilia mimi, naye yuko dirishani juu ananielekeza kwa kidole. Magoti yake unayajua. Tangu ateleze bafuni hajathubutu kushuka ngazi kwa miguu yake, na miguu nayo ukiizoesha kukaa inakaa.

Barua yako ilipofika nikaisoma kwa sauti, kaka yako akasikia, na mama chumbani kwake akasikia pia. Jumapili iliyofuata kaka yako akainama mlangoni akambeba. Mimi nikabaki naosha vyombo. Muda si mrefu nikaona mbona kimya. Nikashuka, nikawakuta kwenye kona ya pili ya ngazi wameketi kwenye kidato bega kwa bega, kaka yako anatweta, shati limemganda mwilini, na mama anampepea kwa ncha ya mtandio. Mgonjwa alikuwa yeye, muuguzi mama. Ikabidi mimi na mpangaji wa chini tumshike mama, mmoja huku mmoja kule, tumrudishe juu. Kaka yako alipanda nyuma yetu ameshika ukuta.

Tangu siku ile mama akaanza kuacha chakula. Kwanza nusu mkate, kisha mkate mzima. Nikadhani nimezidisha chumvi, nikabadilisha mapishi, wapi. Anaonja, anasukuma sahani, ameshiba. Magauni yakaanza kumpwaya. Jioni moja nikaingia chumbani kwake, nikafunga mlango, nikamwambia sitoki mpaka aniambie kinachomsumbua.

"Nimenenepa, mwanangu," akasema. "Nimemwelemea mtoto. Nikipungua kidogo ataweza kunibeba, na yule mwenzake hatakuja kunihamisha."

Wifi, nililia, wala sikugeuza uso. Mama yule, mwili wote mifupa na maneno, anajinyima chakula ili jitu zima lile liweze kumbeba.

Nikatoka mle chumbani na hasira, na hasira zangu unazijua, huwa nazimalizia kwenye pasi. Nikavuta suruali ya kaka yako ya kijivu, nikaigeuza ndani nje nipige mshono wa nyuma. Nikaona vitobo. Mstari wa vitobo vidogo vya sindano, pale mshono ulipokuwa zamani. Kando yake mstari mwingine, na mwingine tena, mpaka mshono wenyewe umefika ukingoni mwa kitambaa, umebaki unaning'inia kwa huruma ya Mungu. Nikavuta ya kahawia, hadithi ni ile ile. Ya sufu ya kuvaa kwenye shughuli, vile vile.

Wanasema kinyozi hajinyoi. Fundi cherehani lakini hujishonea, na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Sisi wengine suruali ikitubana tunajua tumenenepa. Kaka yako ikimbana anaivua, anaitia chini ya sindano, anaiachia kidogo, anaivaa, maisha yanaendelea. Hata hakuwa anaficha. Mwaka baada ya mwaka hakuna suruali iliyombana hata siku moja, angejuaje? Nilipomuuliza alinitazama kwa macho makavu, akasema vitambaa vya siku hizi vikifuliwa vinarudi.

Nikazibeba suruali zote nikamtupia mama kitandani. Na mama ndiye aliyemfundisha kushona, ndiye aliyemzoesha kuacha kitambaa kingi ndani ya mshono kwa sababu mtu hukua. Wewe mwenyewe ulivaa gauni moja tangu darasa la kwanza mpaka ulipoota chunusi. Mama akavaa miwani, akapitisha kidole kwenye vile vitobo, mstari hata mstari, anasoma. Mabega yakaanza kumtikisika. Nikadhani analia, kumbe anacheka.

"Kumbe si mimi," akasema.

Akaomba chakula. Alikula, wifi, akafuta sahani kwa mkate, akashushia na chai. Kisha akaomba mkasi na sindano.

Kaka yako aliporudi kutoka dukani alimkuta mama katikati ya suruali zake. Kila moja ameirudisha nyuma mpaka mshono wa katikati, maana mama hana roho mbaya, hakwenda mpaka ule wa kwanza, kisha kitambaa chote kilichobaki nje ya mshono amekikata, kimelala sakafuni vipande vipande. Ya kwendea kazini tu ndiyo iliyosalimika. Na ameapa kwamba akishona mpya, nayo ataikata.

"Mama, umeniua," akasema kaka yako.

"Sijakuua. Nimekupima."

Akataka kucheka, ndipo mimi nikamweleza kwa nini mama alikuwa hali chakula. Akatoka, akaenda kuketi kwenye zile ngazi peke yake, na aliporudi macho yalikuwa mekundu.

Jumamosi iliyofuata akaja na gunia. Amelijaza vipande vya vitambaa kutoka dukani, amelifunga mgongoni kwa mikanda, akaanza kushuka na kupanda. Kila mwisho wa juma anaongeza vipande, na shabaha yake ni gunia lifikie uzito wa mama. Mama alikataa kupanda mzani, kwa hiyo uzito ulikadiriwa na Bingwa kwa jicho, naye alikadiria kwa adabu kubwa.

Huyo Bingwa mwanzoni alicheka mpaka akakohoa. Unajua tena, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kaka yako akamvisha gunia. Kufika kona ya kwanza akaulizia maji. Basi sasa wanafanya wote wawili, na Bingwa amejitolea kuwa mpima muda. Tatizo ni kwamba anakuja na saa za wateja, zile za kutengenezwa, na kila moja inasema lake. Kwa saa hii kaka yako ni mwanariadha, kwa ile bado hajaondoka. Drafti nayo haikufa, imehamia kwenye kona ya ngazi. Anayeliwa kete anapanda mpaka juu na kurudi ndipo acheze tena. Sijawahi kuona watu wanafikiri sana namna ile kabla ya kusogeza kifuniko cha chupa.

Mimi nami sikutaka kuachwa nyuma. Saluni naenda kwa miguu, na asubuhi za Jumapili naruka kamba uani na watoto wa wapangaji. Wao wanazungusha, mimi naruka, na wanaharakisha makusudi ili waniangushe. Ndiyo siri ya mapaja. Sukari ya chai tumeipunguza nyumba nzima, na wiki ya kwanza kaka yako alikunywa chai yake kwa uso wa matanga. Sasa amezoea, ila akialikwa kwa watu namwona anavyolitazama bakuli la sukari.

Lakini kuna jambo moja hakulijua. Asubuhi moja nilirudi ghafla kuchukua mwavuli, nikamkuta mama jikoni ameshika ukingo wa sinki, anainua visigino, anashusha, anainua, anashusha. Akaniona.

"Funga mlango," akasema. "Na mdomo."

Nikaifunga yote miwili. Kumbe muuguzi wa zahanati alimwonyesha mazoezi yale zamani, akayadharau kwa sababu alikuwa na mgongo wa kumbeba. Tangu siku hiyo kabla sijaenda kazini tukawa tunafanya pamoja. Baada ya sinki, tukaenda kwenye kiti, kukaa na kusimama bila kushika. Baada ya kiti, kidato cha kwanza cha ngazi, mimi nimetangulia kinyumenyume nimemkunjulia mikono. Siku nyingine goti linagoma, tunarudi ndani tunakunywa chai isiyo na sukari na kuwasema majirani. Kaka yako akija jioni anamkuta mama kitandani, anajikunyata na kuugulia kama kawaida. Hujawahi kuona mwigizaji, wifi.

Sasa nikupe ya leo.

Leo gunia limetimia. Kaka yako alivaa ile ya kijivu, akafunga kifungo bila kuvuta tumbo, akajigeuza mbele ya kioo mara nyingi kuliko bibi harusi. Akaenda mlangoni akainama, "Mama, panda." Mama hakusogea.

"Simama," akamwambia. "Kupanda ni juu yako. Kushuka nashuka mwenyewe. Wewe nitangulie."

Kaka yako akanitazama mimi, nami nikajitia natazama dari. Mama akapitisha mkono mmoja kwenye kiuno cha suruali ya kaka yako kwa nyuma, wa pili akashika reli, mimi nikawa nyuma yao. Mguu mmoja, na wa pili ukaufuata. Kidato. Tena. Bingwa alikuwa chini na saa yake, akasahau hata kuitazama. Tulipofika kona ya pili mama akasimama, nami nikajua ni goti limegoma. Akakitazama tu kile kidato walichokuwa wamekalia siku ile, akaendelea.

Hapo ndipo suruali nayo ikaanza kushuka. Nguo imebaki na nafasi, mama ameikamata kwa nguvu zake zote, na kila kidato inateremka kidogo. Kaka yako akawahi kuidaka mbele kwa mkono.

"Taratibu, mama, unanivua."

"Ningejua ningeenda mpaka mshono wa kwanza," mama akajibu, na hakuachia.

Tukafika chini. Mama akaketi kwenye benchi lake, akavuta kopo la karibu, akaanza kung'oa majani makavu na kusema nimemuulia maua. Kaka yako akapiga magoti mbele yake, akalaza kichwa mapajani pake, akalia hadharani, na hakuna aliyemcheka, hata Bingwa. Mimi nililia pia.

Jioni akambeba kumrudisha juu, na hakusimama njiani. Alifika anatweta kama mtu mzima yeyote, si zaidi.

Basi wifi, jibu langu ndilo hilo. Sikukatalii. Mama ni wako, na kama atataka kwenda kwako, nitampangia nguo mwenyewe hata kama nitazilowesha kwa machozi. Ila usituulize sisi, muulize yeye, na umuulize akiwa amesimama.

Msalimie sana shemeji, mwambie gunia lipo kama anataka kulijaribu. Wabusu watoto. Bingwa anakusalimu, na saa yako uliyomwachia bado anaishughulikia, usimkumbushe. Kaka yako angekuandikia mstari lakini amelala kwenye kiti na viatu miguuni. Mungu awape afya, na awafungulie njia mje salama.

Nilipomwambia mama nakuandikia wewe, akaniagiza neno moja nilitie mwishoni. Anasema siku ukifika, usikimbilie ngazi kumtafuta. Utamkuta chini, kwenye benchi, anakungoja.

Nikupendaye bila kipimo,
wifi yako, msusi wa ghorofa ya tatu.