Kitufe Kimoja

Iguguno, Jumamosi

Kumbe Mama hakuwa anaupenda ule wimbo.

Tangu nimletee hiki kiredio kidogo cha memori kadi, kila nikimpigia simu nasikia wimbo uleule wa kwaya nyuma yake. Nikawa namtania kwamba ameufanya wake. Anacheka tu.

Leo tulikuwa tunapiga alizeti uani. Wimbo ukaisha, ukaanza tena uleule. Nikamuuliza kama haumchoshi.

Akajifuta mikono kwenye kanga. “Kile cha zamani kilikuwa na namba. Hiki kitufe chake ni kimoja, mwanangu. Nitakiambia nini?”

Kinarudia wimbo uleule mpaka ukibonyeze mara mbili harakaharaka, ndipo unabadilika. Vidole vyake haviwezi haraka hiyo. Kinazima, kinawaka, kinarudi palepale. Na dukani nilikichagua kwa sababu ni rahisi, eti hakina mambo mengi. Kile cha namba nikampa fundi akitoe vipuri, bila hata kumuuliza mwenyewe.

Kwenye kadi nilimjazia nyimbo zaidi ya mia.

Nikamuuliza mbona hakuniambia.

“Siku ile unakileta ulikuwa umefurahi sana,” akasema, akaendelea kupiga alizeti.