Alama Mbili za Karatasi Moja

Chumba Na. 6,
Nyuma ya Kiwanda cha Mikate,
S.L.P. 417.

Jumapili, 9 Septemba

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeketi, si umesimama juu ya yale masufuria makubwa ya jiko la shule yenu. Goti linaendeleaje? Na kile kifua cha wakati wa baridi, kimekuachia au bado kinakukumbuka? Usinijibu "sijambo" ya juu juu. Nijibu goti peke yake na kifua peke yake.

Sisi huku wazima. Mjukuu wako anatembea sasa, na hapa nyumbani jina lake ni Meneja, maana anazunguka chumba mikono nyuma akikagua, na asiporidhika anapiga kelele mpaka kosa lirekebishwe. Meno mawili ya juu yametoka. Baba yake yupo na mikate yake kiwandani, Jumapili moja kazini, Jumapili moja nyumbani. Wifi yangu, dada yake mume wangu, bado tunapakana ukuta naye, bado ni karani wa stoo, na bado hapokei boksi lililochanika pembe hata likiletwa na mkurugenzi mwenyewe.

Nami nipo palepale wadi ya wazazi, na ndoo na ufagio wangu. Utaona humu nimekata maneno mawili matatu. Samahani. Ukifika mbele utajua kwa nini kukata kwangu kumekuwa habari.

Shangazi, barua yako niliipokea na nimeisoma mara nyingi kuliko ilivyo na mistari. Uliniandikia hivi: "Mwanangu, juzi umesema umepata sitini na sita, jana hamsini na tatu. Mimi nimwambie mwajiri wangu nini? Nikiacha kazi nije kumlea mtoto, niache kwa alama ipi? Nipe moja, ya kweli." Ulikuwa na haki. Chuo cha wauguzi wasaidizi kinataka sitini kwa mia, na anayepata hamsini na tatu na anayepata sitini na sita si mtu mmoja. Nilikuwa sijui mimi ni yupi.

Unajua nilivyokuwa nafanya. Kile kitabu ulichonitumia kina karatasi kumi za majaribio. Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana, Meneja akilala, nakaa mezani, nageuza saa inielekee, nafanya moja. Maswali mia, kila moja lina majibu manne, unazungushia herufi. Zilikuja hivi: sitini na nne, hamsini na moja, sitini na saba, arobaini na tisa, sitini na sita, hamsini na tatu. Nilizibandika ukutani juu ya kitanda. Kila nikiziangalia naona ngazi ya mlevi.

Nikaanza kutafuta mchawi. Nikasema ni meno ya mtoto. Nikasema ni chai, nikaiacha wiki mbili nikaumwa kichwa bure. Nikasema ni kiti. Usicheke, niliazima kiti cha wifi, na wiki ile ndiyo nilipata arobaini na tisa. Nikakirudisha kwa heshima.

Siku moja kazini nikawa nafagia karibu na mizani ya watoto. Mama mmoja alikuwa analia kwamba mwanawe amepungua karibu nusu kilo kwa wiki moja. Muuguzi akafungua kadi, akamtazama mtoto, akamtazama mama. Akamwambia, "Mama, wiki iliyopita nilikuwa sipo, wakampima na blanketi na viatu. Leo nimempima mtoto. Hajapungua huyu, amevuliwa." Yule mama akacheka machozi yakiwa bado mashavuni. Mimi nikabaki nimesimama na ufagio. Nikajiuliza: hivi mimi, nani ananipima na blanketi?

Maana kusahihisha sikuwa nasahihisha mwenyewe. Kitabu kinakataza, kinasema mpe mtu mwingine. Jumapili mume wangu akiwepo anasahihisha yeye. Akiwa zamu, anasahihisha wifi. Moja yeye, moja wifi, moja yeye, moja wifi. Wewe kule mbali pengine umeshaliona. Mimi niliye na ukuta juu ya kitanda sikuliona kwa wiki sita.

Basi Jumapili iliyofuata, karatasi ya saba, nikawaweka wote wawili mezani. Kwanza mume wangu kwa kalamu ya bluu, kisha wifi kwa nyekundu. Mume wangu akatoa sitini na tano. Wifi akatoa hamsini na nne. Karatasi moja, Shangazi, wino haujakauka!

Wifi akaanza kupitia tiki za bluu moja moja.

"Hii umempa ya nini? Amezungushia C. Jibu ni B."

"Alizungushia B kwanza. Tazama vizuri, ipo hapo chini."

"Ameikata."

"Ameikata, lakini alikuwa anaijua! Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni."

"Kaka, mzigo ukirudishwa garini mimi siandiki kwamba nimeupokea."

"Ndiyo maana wachumba wanakukimbia. Unawahesabu."

"Na wewe ndiyo maana mikate kiwandani kwenu haitoshi. Unagawa kwa huruma."

Nilicheka nao. Halafu nikaona ni nini nilichokuwa nakichekea. Mimi kila karatasi ikirudi nilikuwa natazama penye alama ya X tu, nijifunze kosa. Penye tiki sikuwa na shida napo. Sikuwahi kuona kwamba mume wangu ananipa alama ya jibu nililolitupa mwenyewe.

Sikumgombeza. Alikaa pale akizungusha kifuniko cha kalamu, unga wa jana bado kwenye nywele, akaniambia, "Nilitaka upate moyo." Moyo nilipata, kweli. Ila ulikuwa wa kuazima.

Wifi akazipitia zile tatu za nyuma alizosahihisha mume wangu, kwa kalamu nyekundu. Sitini na nne ikawa hamsini na mbili. Sitini na saba ikawa hamsini na tano. Sitini na sita ikawa hamsini na nne. Nikaandika upya kwa mpangilio: hamsini na mbili, hamsini na moja, hamsini na tano, arobaini na tisa, hamsini na nne, hamsini na tatu, hamsini na nne. Ile ngazi ya mlevi haikuwepo. Nilikuwa nimesimama palepale muda wote, na palepale ni chini ya sitini.

Mficha uchi hazai, na mimi nimeshazaa, kwa hiyo sikufichi: nilienda kukaa kwenye ngazi za nje nikalia kidogo. Nikatunga kabisa barua ya kukwambia usiache kazi yako.

Aliyenitoa pale ni wifi, mtu niliyedhani hana kiungo cha huruma. Akaja na ile karatasi ya saba akaniambia, "Sogea. Hebu tuhesabu na ulivyokata." Nilikuwa nimebadilisha majibu kumi na sita. Mara mbili tu nilitoka kwenye kosa nikaingia kwenye sahihi. Mara tatu nilitoka kosa hili nikaingia kosa lile. Mara kumi na moja nilikuwa nimesimama juu ya jibu sahihi, nikashuka.

"Usingekata kitu," akasema, "ungekuwa na sitini na tatu. Na hiyo sitini na tano ya kaka yangu usiisikilize, ina mkate wa nyongeza ndani."

Tangu hapo nimekuwa nafikiri sana, Shangazi, hata nikiosha nepi nafikiri. Nimeyaangalia yale kumi na moja yanafanana nini. Mengi jibu langu la kwanza ni fupi, ni kitu ninachokiona kwa macho yangu wadini kila siku. Lile ninalohamia ni refu, lina maneno ya kitabuni, naliona limesoma kuliko mimi. Kuna swali linauliza jambo la kwanza kabla ya kumshika mtoto mchanga. Nilizungushia kunawa mikono. Nikakata, nikahamia jibu la mistari miwili. Mimi, ninayejaza sabuni kwenye zile beseni kila asubuhi!

Wewe unajua nilitoka shule kidato cha pili, na unajua kwa nini, hatutarudi huko. Nilidhani kilichobaki kwangu ni upungufu wa kusoma. Upo, sikatai, hesabu za dawa bado zinanitoa jasho. Lakini kingine ni kwamba nikijua jambo, kuna sauti inakuja nyuma yake inaniuliza nimelijulia wapi. Na mimi kwa adabu naipisha.

Sasa tumeweka sheria ya nyumba. Siruhusiwi kukata jibu mpaka niandike pembeni sababu ya kulikata. "Lile lingine refu" si sababu, wifi amelikataa rasmi. Nikisoma tena swali nikaona neno "isipokuwa" ambalo nililiruka, hiyo sababu, nakata bila woga. Jumapili iliyopita nilifanya hivyo nikapata hamsini na tisa. Nilikata mara sita, mbili bila sababu ya maana, mkono ulienda wenyewe. Leo nimekata mara nne tu, na kila moja ina sababu pembeni. Mume wangu alikuwepo, amekalia mikono yake kama mtoto aliyeambiwa asiguse. Wifi akasahihisha, akahesabu, akahesabu tena akianzia nyuma. Sitini na mbili.

Kwa hiyo, Shangazi, uliomba alama moja ya kweli. Siwezi kukupa moja, lakini nakupa mbili zilizopimwa bila blanketi: hamsini na tisa, na sitini na mbili. Nipo mlangoni. Mguu mmoja ndani. Imebaki karatasi moja kitabuni na wiki sita kabla ya mtihani, na dada mmoja muuguzi amekubali kunifundisha hesabu za dawa wakati wa mapumziko. Siahidi. Nasema tu kwamba sasa najua nilipo, na mtu anayejua alipo anaweza kusogea.

Fomu ya kujiandikisha mwisho ni Ijumaa, kabla barua hii haijakufikia. Nimeijaza leo mchana, kwa wino. Jina, umri, elimu. Penye elimu niliandika kidato cha pili nikaendelea mbele. Halafu kuna swali la chini kabisa: "Je, una mtu wa kukulelea mtoto kipindi cha mafunzo?" Ndiyo, au Hapana.

Niliweka tiki kwenye Ndiyo kabla hata sijafikiri. Kisha kalamu ikarudi. Nikaona goti lako, nikaona kazi yako, nikaona njia ndefu ya kuja huku, nikaona kwamba hujanijibu bado. Nikatafuta cha kuandika pembeni. Nikakaa nayo muda mrefu, Meneja amenisimamia. Woga niliupata mwingi, sababu sikuipata hata moja.

Sikuikata. Jibu langu la kwanza lilikuwa wewe, Shangazi. Kama haiwezekani, niandikie tu, hiyo itakuwa sababu na nitaikubali kwa moyo safi. Lakini iandike wewe, nisiitunge mimi.

Nisalimie sana babu, mwambie miwani yake ile ya zamani ndiyo nashonea vifungo siku hizi. Msalimie binamu yangu Mluzi na mkewe, na wale mapacha wao wanaopigania dirisha. Mpishi mwenzako aliyekuandikia anwani kwenye bahasha, mwambie mwandiko wake ni mzuri kama wa benki. Baba Meneja anakupa mkono, unga na yote. Wifi anasema shikamoo, na kwamba ukija uje na orodha ya mizigo yako.

Mungu akulinde njiani na jikoni, akupunguzie maumivu, akuzidishie usingizi.

Wako akupendaye, na sasa anajua anachokijua,

Mama Meneja