Magunia Manne Niliyopakia Nyuma ya Tela

Papa Uwase,

Nakuandikia nikiwa sokoni hapa Gisenyi, naandika kwa haraka, unisamehe mwandiko. Sikusoma sana, unajua. Lakini mtoto niliyekuzalia anavuta tela ya viazi kwa pikapu yako kutoka Bugeshi, na hakuna mwanamume huku anayemfikia. Hilo nalitanguliza.

Unakumbuka mzigo ulivyokandamiza pikapu nyuma mpaka pua ikaangalia mawingu? Ulikuwa unasema, "Usukani umekuwa mwepesi, leteni mawe," tunakufungia mawe ya volkano juu ya boneti. Uwase ameyatupa. Kwenye kiungo cha tela amefunga vyuma viwili virefu vyenye minyororo. Akiikaza, uzito uliolalia nyuma ya pikapu unagawanyika: mwingine unakwenda magurudumu ya mbele, mwingine unarudi kwenye tela. Gari linakaa sawa kama meza.

Bon, nikajigamba. Nikawaambia wanawake wa sokoni gari la mwanangu sasa linabeba chochote. Uwase akanionya: "Mama, vyuma vinagawa uzito, havipunguzi." Nikaitikia tu.

Leo asubuhi kule Bugeshi, alipoingia kunywa chai, nikapakia magunia manne ya viazi vya wale wanawake mwisho kabisa wa tela, palipokuwa na nafasi, nikashusha turubai. Nikapanda moto, pikipiki ya abiria, nikatangulia sokoni. Kwenye mteremko dereva akaniambia, "Mama, sogea mbele, ukikaa nyuma hivyo pikipiki inacheza." Nikayakumbuka magunia yale mwisho wa tela. Na tela je?

Nimepiga simu, nimepiga. Hapokei akiwa kwenye usukani. Wewe ndiye uliyemfundisha hivyo. Papa Uwase, kama uko karibu naye...

Nimeacha kalamu kidogo. Amepiga. Tela ilianza kuyumba, akaachia pedali ya mafuta polepole bila kukanyaga breki mpaka ikatulia. Amesimama Cyanzarwe, ameinua turubai. Akaniuliza kwa upole, na upole wenyewe ndio ulioniumiza: "Mama, nani amepakia haya?"

Nilitaka kusema wapakiaji. Nilitaka kabisa.

Nikasema ni mimi.

Kisha akasema anayashusha, nikae hapa hapa nimsubiri.

Nakuahidi: leo hii nitawaambia wale wanawake, kwa sauti ile ile niliyojigambia, kwamba viazi vyao vimebaki njiani kwa kosa langu. Na sitagusa tena mzigo wa mtoto wako bila yeye kuona.

Pumzika kwa amani huko kaburini, mzee wangu. Mimi naangalia barabara.

Mama Uwase