Katuni Iliyokosea kwa Moja

Kiritiri, Jumamosi jioni, Agosti 1997

Jua limechoma kutwa nzima na vumbi limeingia mpaka kwenye sufuria, lakini mimi nina raha. Leo nitajisifu. Hakuna anayenisikia hapa, kwa hiyo sitajizuia.

Tangu likizo ianze nyumbani kumekuwa na mvutano. Jumatatu tunarudi shule, na mwalimu wa darasa anataka kila mmoja aseme masomo atakayoendelea nayo Kidato cha Tatu. Mimi nataka Fizikia. Baba anataka Sayansikimu. Anasema Fizikia ina wenyewe, na msichana anayeshinda akicheka katuni hataiweza. Nimelia sana juu ya maneno hayo, tena kwa hasira.

Katuni anazichukia pia kwa sababu ya betri. Televisheni yetu inatumia betri ya gari, na chaji ikiisha lazima ibebwe hadi sokoni. Kwa hiyo sheria ya nyumba ni kwamba chaji ni ya taarifa ya habari. Leo Baba alikuwa nyuma ya nyumba akipiga randa mlango wa mteja, nami nikaiba dakika chache. Mama alikuwa anachambua ndengu, akajifanya haoni.

Ilikuwa katuni ile ya paka fundi wa magari asiyejua hata kufunga nati. Nilikuwa nimeshika mbavu kwa kicheko Baba alipoingia kuzima. Kabla hajafika, akasimama. Ukutani nyuma ya paka, kwa maandishi madogo, kulikuwa na hesabu:

6³ + 8³ = 9³

Baba akasema hata paka anapiga hesabu, na mimi nimekaa tu kuonyesha meno. Hapo uoga ukanitoka.

"Baba, hiyo hesabu ni ya uongo."

Akauliza nimeipiga saa ngapi. Nikamwambia sijaipiga. Sita mara sita mara sita ni namba inayogawanyika kwa mbili. Nane ni vilevile. Ukizijumlisha, jibu nalo lazima ligawanyike kwa mbili. Tisa mara tisa mara tisa haigawanyiki hivyo hata ufanyeje.

Baba ni seremala, maneno matupu hayaamini. Akatoa penseli sikioni, akaokota kipande cha mbao, akaanza kuzidisha. Upande mmoja akapata 728. Upande wa pili, 729. Akafuta kwa kidole gumba, akarudia.

Moja tu!

Akasema basi wamekosea kidogo. Nikamwambia hawakukosea. Mtu anayeandika ovyo hawezi kukaribia namna hiyo. Huko katuni ilikochorwa yuko mtu wa hesabu aliyezitafuta namba hizo, akazificha nyuma ya paka ili aone nani atashtuka.

Na aliyeshtuka ni mimi, Wanja wa Kiritiri.

Sijui huyo mtu anaitwa nani wala anaishi wapi. Ninachojua ni kwamba alitega, na mtego wake nimeuona. Najivunia, na sioni kwa nini nijifanye mnyenyekevu kwenye shajara yangu mwenyewe.

Baba akavuta kiti, akakaa mbele ya televisheni na mbao yake magotini. Akawa anakagua kuta zote za gereji ya paka, akitafuta hesabu nyingine. Katuni ikaisha, ikaja nyingine, naye yuko pale pale. Picha ikaanza kusinyaa kutoka pembeni, kama kawaida betri ikichoka, na hakuna aliyeinuka kuizima. Saa ya habari ilipofika, kioo kilikuwa cheusi.

Mama akauliza sasa habari za leo tutaambiwa na nani.

Baba akajibu bila kunitazama, "Habari ni hii. Huyu msichana ameshika TV ikidanganya, na hata kalamu hakuwa nayo. Hiyo Fizikia wacha asome."

Nikatoka nje, nikalia tena. Machozi haya hayakuwa ya hasira.

Jumatatu mwalimu akifika kwenye jina langu, nitasema Fizikia, na nitasimama kuisema.