Mtambo wa Kale, Mtutu wa Juzi

Chumba cha nyuma, kwa Babu,
Jumatano, 14 Agosti.

Mjomba mpendwa,

Kuna jambo sijamwambia mtu, hata mama: Jumamosi nilimwacha babu adanganywe mbele ya macho yangu, nami nikafyata ulimi.

Najua barua haianzi hivi. Shikamoo, Mjomba. Hujambo? Mkaza mjomba naye, kikohozi kimemwachia? Sisi tu wazima, ila macho ya babu yanazidi kufifia. Juzi alilikaribisha koti la mama lililotundikwa mlangoni, eti likae, lisione haya. Tulicheka mpaka yeye mwenyewe akashika mbavu.

Sasa naharibu zawadi yako, unisamehe. Unalikumbuka gobori la baba yake babu, lile la kushindilia baruti kupitia mdomo wa mtutu? Mama anasema ulilia siku babu alipoliuza. Babu hajasahau. Amepata jingine kama lile, kwenye duka la vitu vya kale nyuma ya soko, na anataka ulikute ukutani siku utakapokuja. Mwaka wa sita huu anasema "siku akija".

Alinichukua nikawe macho yake. Nilijiandaa, Mjomba. Niliazima maktaba kitabu cha bunduki za kale, kwa ile lugha ya kigeni ya darasani, nikawa namtafsiria babu kila nikirudi shule.

Dukani alilipakata gobori kama mtoto mchanga. Unamjua: miaka arobaini fundi kufuli. Akatega sikio, akavuta polepole nyundo ya mtambo wa kufyatulia. Ta. Ta.

"Sikia hiyo! Springi hii imefuliwa kwa mkono. Hapa sidanganyiki."

"Mzee, wewe si mnunuzi, wewe daktari," muuzaji akamwambia. Babu akatabasamu hadi masikioni.

Na kweli, mtambo ni wa kale. Kosa la babu ni kwamba alisikiliza kufuli, akasahau kuuangalia mlango. Mimi niliuona. Mbao imechimbwa shimo kubwa kuliko mtambo wenyewe, pengo likazibwa kwa nta. Tundu la kupitishia moto lina kingo kali kama limetobolewa jana, wala halina dalili ya kuungua. Kutu ni ya rangi moja mtutu mzima, hata chini ya pete inayoufunga mtutu kwenye mbao, ambako hewa haifiki. Niliisogeza kwa ukucha nikachungulia. Wamechukua mtambo wa kale wakaupachika kwenye mwili mpya.

"Haya, macho yangu," babu akaniuliza, "unaonaje?"

Muuzaji akanikazia macho. Unanijua mimi na watu nisiowazoea. Nikipewa sukari badala ya chumvi, nasema asante. Nikajibu, "Liko vizuri, babu."

Kesho asubuhi analichukua, na atakachotoa ni sanduku lake la vifaa. Lote, Mjomba, pamoja na zile tupa ndogo ambazo hata mama hathubutu kuzigusa. Tangu Jumamosi anazipaka mafuta moja moja huku anaimba. Muuzaji simwogopi tena. Naogopa wimbo huo ukatike kwa sababu yangu.

Nasikia fimbo ya babu ukumbini. Siku zote huwa naisukuma karatasi chini ya daftari. Leo naiacha hapa juu ya meza.

Mjomba, naendelea. Aliketi kitandani kwangu, akauliza namwandikia nani. Nikamsomea yote, tangu mwanzo. Akaisogeza fimbo kando, akauliza:

"Hilo pengo la mbao, ukitoa nta, ukucha unaingia?"

"Unaingia, babu."

"Na mtambo?"

"Mtambo wa kale kweli."

"Basi angalau sikio halijazeeka." Akanipapasa kichwani. "Kesho twende wote. Maneno haya haya utamwambia yeye. Mimi nitakushika mkono."

Nitasema, Mjomba. Hata nikishikwa na kigugumizi, nitasema.

Bado yupo hapa kando yangu. Anasema niandike hivi, kwa herufi kubwa: GOBORI HAKUNA. NJOO TU.

Msalimie sana mkaza mjomba, na huyo mwanenu, Kifaurongo anayejifanya amelala, mwambie tunajua kwamba huwa hajalala. Mama anawasalimu. Mungu awafunike kwa rehema zake na awafungulie njia.

Ni mimi mpwa wako, nikupendaye kuliko ninavyoweza kutamka.