Kona ya Korido

Tarehe 2 Machi

Mpwa wangu mpenzi,

Nianze na kosa, salamu zitafuata. Karibu kila msanifu majengo anayefungua ofisi yake hulifanya: anaficha mchoro mpaka uishe. Anadhani anaulinda. Kumbe ukishaisha hakuna wa kuusaidia tena, maana mwenyewe ameshaupenda.

Haya, hujambo? Kikohozi kimekuachia? Mimi mzima, ila goti la kushoto linatabiri mvua kuliko redio.

Baba yako ameniambia umepewa kuchora hospitali ndogo ya wazazi, jengo lako la kwanza kwa jina lako mwenyewe, na kwamba bodi italiamua tarehe 28. Nilipiga kigelegele jikoni, paka akakimbia. Halafu akasema umeziba kioo cha mlango kwa gazeti ili wasanifu wenzako wasichungulie. Nikachukua kalamu.

Kila Alhamisi saa kumi wenzako hao hukutana kwenye ukumbi wa chama cha wasanifu. Nakueleza utaratibu, maana najua hujakanyaga huko. Unabandika mchoro ukutani, wenzako wanasogea na penseli nyekundu, na wewe huruhusiwi kusema neno mpaka wamalize. Sheria hiyo ina sababu: jengo likishasimama, hutakuwepo mlangoni kumweleza kila mgonjwa ulichokusudia.

Nenda.

Shangazi yako


Tarehe 5 Machi

Shikamoo Shangazi,

Kikohozi kimekwisha. Paka mpe pole.

Siendi. Rula atakuwepo, yule mrefu niliyesoma naye, mdomo kama wembe. Aliiomba kazi hii hii akaikosa. Nimbandikie mchoro ili iweje? Bodi ikiukataa nafunga ofisi, narudi kuchorea watu mageti. Sitaki kuchekwa kabla ya siku yenyewe.

Na wewe, msanifu mzima, mbona uliacha kwenda? Baba naye hajui.

Mpwa wako


Tarehe 9 Machi

Marahaba, mwanangu. Goti lilelile. Swali lako nimeliona, nitalijibu siku yake. Nenda.

Shangazi


Ijumaa, tarehe 21 Machi

Shikamoo Shangazi! Shikamoo tena! Goti je? Mimi naandika nimesimama, kukaa siwezi.

Sikukujibu kwa aibu. Alhamisi ya tarehe 13 nilifika mpaka mlangoni nikageuka. Jana mzee anayefagia ukumbi akanishika: "Dada, leo ama uingie, ama uchukue fagio unisaidie." Nikaingia. Nikabandika, pini zinanidondoka.

Rula akasogea wa kwanza. Akasimama kwenye kona ya korido inayotoka chumba cha kujifungulia kwenda chumba cha upasuaji. "Hapa kitanda kinapinda vipi?"

Ulimi uliniwasha, Shangazi! Kitanda nilikipima mwenyewe, kinapita na nafasi inabaki. Nikauma midomo.

Akachora kona yangu sakafuni kwa chaki, kwa vipimo vyangu vilevile, akavuta meza ndefu ya magurudumu. "Wewe sukuma. Wewe tembea pembeni, umeshika dripu." Meza ikapinda vizuri kabisa. Ila msukumaji alikuwa amesimama katikati ya ukuta wangu, na mwenye dripu yuko ndani ya stoo iliyo pembeni ya kona.

Nilipima kitanda. Nikasahau watu wanaokisukuma.

Ukumbi ukacheka, nikacheka nao mpaka machozi. Halafu wakavamia karatasi. "Ua hiyo stoo!" "Stoo imekukosea nini? Sogeza mlango!" Wakabishana mpaka chai ikapoa. Jibu likatoka kwa Rula: kona ikatwe mshazari, stoo ihamie upande wa pili. Nikamwuliza kwa nini ananisaidia.

"Nani kakusaidia wewe? Mimi nakaa mtaa wa pili kutoka hapo. Wanangu watazaliwa humo."

Zimebaki siku saba. Nachora upya, na gazeti nimelibandua.

Mpwa wako


Tarehe 28 Machi

Shikamoo Shangazi, u mzima? IMEPITA!

Muuguzi mkuu, mjumbe wa bodi, hakuuliza paa wala rangi. Aliweka kidole kwenye kona ile ile: "Na anayesukuma atasimama wapi?" Nikamwonyesha. Akasema, "Wewe ni wa kwanza kumkumbuka." Nusura niipokee sifa. Kisha nikasema kweli: si mimi, ni wenzangu. Akacheka, akatia sahihi.

Yule mzee wa fagio anakukumbuka. Anasema ulibandika mara moja tu, ukabandua. Sasa nijibu.

Mpwa wako


Tarehe 4 Aprili

Marahaba, msanifu mwenzangu,

Goti linauma, maana nimecheza.

Mzee wa fagio hakusema uongo. Miaka kumi na tisa iliyopita nilibandika mchoro wa maktaba. Mtu wa kwanza aliponyanyua penseli nikaanza kueleza. Nikaeleza nusu saa. Kisha nikabandua, nikaondoka, sikurudi. Nimejenga mengi baada ya hapo, lakini maktaba hiyo, niliyoipenda kuliko zote, imelala kwenye mrija wa kuhifadhia michoro chini ya kitanda changu. Kuna kitu pale kwenye ngazi hakijakaa sawa. Peke yangu sijakiona mpaka leo.

Nimekata tiketi. Nafika Alhamisi ijayo saa nane. Kunyamaza nimejizoeza, paka ni shahidi. Mwambie Rula anoe penseli.

Wewe kazi yako ni moja: leo, kabla hujafunga ofisi, pita ukumbini uniwekee nafasi ya karatasi moja ukutani.

Shangazi yako