Kelele za Gari la Shemeji Yako

Kaka yangu,

Huku tunapumua. Bibi wa nyumba ya pili anakusalimu, na yule kuku wangu uliyemcheka sasa ana vifaranga.

Lile gari kuukuu la shemeji yako limepona. Kwa kelele zile mtaa mzima ulikuwa mafundi: huyu anasema injini imekufa, yule anasema vali. Fundi mwenyewe aliacha injini ikinguruma, akaziba mdomo wa ekzosi kwa tambara, kisha akainama kuangalia moshi utatokea wapi. Ukatokea katikati, chini ya kiti cha dereva. "Injini nzima kuliko mimi," akasema. "Bomba ndilo limetoboka." Akalichomelea kiraka, na sasa gari linanyata kama paka.

Majirani wanashukuru. Bibi peke yake alisema kimya kingi kina mshindo, tukamcheka.

Zamani tulilisikia tangu linapoacha lami. Watoto walizima redio wakakimbilia kwa bibi, nami nikapata muda wa kuondoa kisu mezani. Juzi shemeji yako alitukuta tunacheka, mlango uko wazi.

Kaka, wewe magari umeyajua tangu utotoni, na fundi wa hapa siwezi kumwuliza. Niambie bomba hilo linatobolewa wapi, na kwa kitu gani, lilie kama zamani.

Dada yako,
kwa mwandiko wa mpwa wako, maana mkono wangu uko kwenye plasta.